Kompyuta Mbili, Kuku Mmoja na Meno ya Mwanangu

Naandika haya kwa mkono mmoja.

Wa pili uko kwenye plasta, na aliyeuvunja ni mmoja wa wanangu. Ni yupi, wenyewe hawajui, na mimi sisemi.

Lakini ngoja nianzie Jumanne.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya karakana naokota meno na herufi.

Meno yalikuwa ya mwanangu mdogo. Matatu, ya mbele. Herufi zilikuwa za kompyuta ya mwanangu mkubwa, vile vitufe vyake vya kubonyeza, vilivyotawanyika alipoinyanyua mashine nzima kama tofali akamshindilia nayo mwenzake mdomoni.

Nikavitia vyote kwenye bakuli moja. Jino. A. Jino. M. Jino.

Nikajisemea, bibi wewe, ukivipanga vizuri unaweza kuandika barua.

Juu ya meza kazi ilikuwa bado inaendelea.

"Toa bisibisi yako begani kwangu!"

"Itoe mwenyewe! Si unapenda kugusa vitu vya watu!"

Damu ikadondoka, to, to, to, kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nikapaza sauti kutoka kule chini.

"Nyie! Mama yenu yuko huku!"

Vichwa viwili vikachungulia chini ya meza.

"Fikamoo, mama," akasema mdogo, bila meno, huku akimkaba mwenzake koo.

"Marahaba. Muache kaka yako apumue."

Hakumuacha. Akaja fundi cherehani wa mlango wa pili, mkasi mkononi na kipande cha shuka begani. Huwa anakuja nacho. Ana shuka maalumu kwa ajili ya wanangu.

"Wameanza tena, mama?"

"Waliwahi kumaliza?"

Sasa msije mkadhani nazungumzia vijana. Mkubwa ana miaka hamsini na mmoja. Mdogo ana arobaini na tisa, ana kitambi, na anapaka ndevu rangi.

Mtaani wanamwita mkubwa Kijivu na mdogo Cheusi. Si kwa ngozi, maana ngozi wote wamenifanana. Ni kwa ajili ya kompyuta.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa redio na televisheni, na hata mimi nilimwita Fundi. Siku moja, watoto wakiwa na miaka kumi na miwili na kumi, alirudi nyumbani na mikokoteni miwili. Kwenye kila mmoja kulikuwa na kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani. Kompyuta za zamani zile, kichwa na mwili ni kitu kimoja. Unachomeka kwenye televisheni, basi.

Moja ya kijivu. Moja nyeusi. Makampuni tofauti, yaliyokuwa yanachukiana kama wake wenza.

Fundi akazitia umeme, zikawaka. Akampa mkubwa ya kijivu, mdogo akampa nyeusi.

Ndiyo hapo tulipojipalia makaa.

Ya kijivu ilikuwa na sauti, jamani. Ile mashine ilikuwa inaimba mpaka unasahau chungu jikoni. Ila rangi zake zilikuwa chache, tena zimepauka kama shati la miaka kumi. Nyeusi, rangi zake zinakurukia machoni, ila sauti yake ilikuwa mlio mmoja tu, kama mbu ndani ya kopo.

"Yangu ina kumbukumbu kubwa!" anasema mkubwa.

"Kumbukumbu ya nini, na wewe jana umesahau kuvaa chupi?"

"Yako inapiga kelele kama mgonjwa!"

"Yako ina rangi ya mgonjwa!"

Halafu ngumi.

Michezo ilikaa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Unaweka kwenye redio, inalia kriii-kraaa kama paka aliyekanyagwa mkia, dakika tano nzima, kisha mchezo unatokea kwenye televisheni. Lakini kaseti ya kijivu ukiiweka kwenye nyeusi, hakuna kitu. Na nyeusi kwenye kijivu, hakuna kitu. Hazikuelewana kabisa. Zilikuwa wanangu watupu.

Mchezo waliougombania zaidi ulitengenezwa hapo hapo nyumbani. Uliitwa Kuku na Mwewe.

Kuku anatembea na vifaranga wawili. Mwewe anatoka juu. Kazi yako ni kuwafikisha vifaranga wote wawili kwenye kiota. Mmoja akiliwa, unaanza upya, hata kama yule mwingine amefika.

Ulikuwepo kwa kijivu na ulikuwepo kwa nyeusi. Mchezo ule ule, umeandikwa mara mbili, kwa lugha mbili za mashine.

Jumapili moja Fundi aliwaita watoto akawaonyesha. Wakaruka juu. "Baba ametuandikia mchezo! Baba ametuandikia mchezo!"

Fundi akakohoa tu.

Ilisemekana ukifikisha pointi elfu moja kuna kitu kinatokea. Nilipowauliza baadaye, kila mmoja aliniambia hajawahi kufika hata karibu.

Ila kuna jambo nililiona.

Mwanzoni walikuwa wanapigana kama watoto. Wanang'atana, wanalia, wanakula sahani moja. Kama miaka miwili baadaye, ghafla, wakaanza kupigana kama watu waliokosana na dunia. Kila mmoja akatengeneza sanduku la mbao la kufungia kompyuta yake. Kila sanduku likatiwa kufuli. Na yeyote atakayegusa sanduku la mwenzake alikuwa amejitafutia kifo.

Mkubwa aligusa. Mdogo akamng'oa kipande cha sikio kwa meno. Nilikiona kwenye zulia, nikadhani ni gamba la kitunguu.

Mdogo naye akagusa. Mkubwa akambana vidole kwenye mlango, akafunga kwa mguu. Kidole cha mwisho mpaka leo kimepinda, kinaelekeza nyumbani kwa jirani.

Wakakua. Wakaoa. Harusi ya kwanza vilivunjika viti kumi na vinne. Ya pili tulikodi vya chuma.

Fundi akafariki, akawaachia karakana ya chumba kimoja. Wakachora mstari mwekundu katikati ya sakafu, ukapanda ukutani, ukapita juu ya swichi ya taa. Huku Kijivu anatengeneza simu, huku Cheusi anatengeneza simu. Kuwasha taa ilikuwa lazima wakubaliane, kwa hiyo walikuwa wanafanya kazi gizani.

Na yale masanduku mawili, mpaka leo, kila moja na kufuli lake, chini ya meza ya mwenyewe.

Sasa turudi kwenye Jumanne.

Jumatatu iliyotangulia, kompyuta ya Cheusi ilitoa moshi ikafa. Mwanangu alilia. Nilimwona kwa macho yangu, mwanaume wa kitambi analilia sanduku.

Jumanne asubuhi akamwita mjukuu wangu, binti wa Kijivu. Huyu tunamwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Anasomea kompyuta chuoni. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea chai.

"Mwanangu," Cheusi akamwambia, ameshika kaseti kwa mikono miwili kama kinda la ndege, "mashine imeniacha. Unaweza kuniokolea kilichomo humu?"

"Baba mdogo, mashine si lazima iwepo. Nitaandika programu ijifanye ndiyo hiyo mashine."

"Ijifanyeje?" nikauliza mimi.

"Bibi, umewahi kumwona mtu akimuiga mwalimu mkuu? Mwendo, sauti, hata kikohozi? Ukifumba macho unasimama kwa heshima. Ndivyo kompyuta yangu itakavyomuiga marehemu. Kaseti ikiulizwa, itaapa iko nyumbani kwake."

Nikaipenda hiyo. Kumbe hata mashine inaweza kusingizia.

Hapo ndipo Kijivu alipoingia.

"Nasikia harufu ya msiba," akasema. "Imekufa? Poleni. Halafu maiti inakuja kuomba hifadhi kwenye kompyuta ya binti yangu?"

"Heri yangu iliyokufa inang'ara kuliko yako inayoishi imepauka."

"Baba, ni kazi ndogo tu..." Sindano akaanza.

"Hapana, hapana, ifanye! Ifanye sasa hivi. Niione mwenyewe. Miaka arobaini anaificha hiyo takataka. Lete kaseti, tuicheze hapa mbele ya mama."

Cheusi akabadilika uso.

"Usiiguse."

"Kwani kuna nini humo?"

"Kaka, nimesema usiiguse."

Cheusi akikuita kaka kwa sauti ya chini, kimbia. Kijivu hakukimbia. Alivuka mstari mwekundu akanyoosha mkono.

Bisibisi ikaingia begani mpaka kwenye mpini.

Kijivu hakupiga hata kelele. Aliinama, akafungua sanduku lake, akatoa kompyuta yake, ile aliyoifuta vumbi kila siku ya maisha yake, akampasua nayo mwenzake mdomo.

Kwa hiyo saa nne mashine zote mbili zilikuwa marehemu. Na mimi nilikuwa chini ya meza na bakuli.

Zahanati wakashonwa, mmoja chumba hiki, mwingine kile. Daktari anatujua. Aliniuliza kama nataka kadi ya familia.

Jioni hiyo Kijivu akamletea binti yake kaseti yake.

"Iokoe na hii. Lakini baba yako mdogo asione kilichomo. Umenisikia? Asione kabisa."

Kesho yake Cheusi akaja na maneno hayo hayo.

"Baba yako asione."

Sindano akanijia, amekunja uso.

"Bibi, kuna kitu hapa. Wote wana sharti moja. Halafu si masharti tu. Baba mdogo ameinoa ile bisibisi, imekuwa kama shazia ya kushonea magunia. Baba ana nondo chini ya kiti cha gari. Nilimuuliza ya nini, akasema, 'Akivuka mstari tena, namzika.' Na baba mdogo kaniambia hivyo hivyo, neno kwa neno."

Nikakaa kitandani.

Nimezoea kushonwa kwa wanangu. Nimezoea meno. Lakini Jumanne ile nilimwona Kijivu akipiga akilenga kichwa, na Cheusi akichoma akilenga shingo, akakosea tu. Walikuwa hawagombani tena. Walikuwa wanaelekea mahali.

Nikapiga hesabu yangu ya darasa la saba. Jibu likawa hili: kabla ya mwezi kuisha, nitakuwa mama wa maiti mmoja na mfungwa mmoja.

"Mjukuu wangu," nikasema, "ziokoe zote mbili. Ziweke kwenye televisheni yangu, moja kushoto, moja kulia. Jumamosi watacheza pamoja, mbele yangu."

"Watakubali kuja?"

"Niachie mimi."

Ijumaa mchana Sindano akaniita kwenye kompyuta yake ya kukunja. Alikuwa amezifungua zile kaseti utumbo wake wote.

"Bibi, hebu soma hapa."

Nikasoma. Nikarudia kusoma.

"Bibi, ulijua?"

Nilichokiona nitawaambia mbele. Vumilieni, wenyewe walivumilia miaka arobaini.

"Kesho usiwaambie chochote," nikamwambia. "Ziweke pointi mia tisa na tisini. Zote mbili. Halafu subiri nikuambie bonyeza."

Nikampigia Kijivu. "Njoo Jumamosi saa tisa mchana, mwanangu, peke yako. Kaseti yako imefufuka. Mwenzako hajui."

Nikampigia Cheusi. "Njoo Jumamosi saa tisa mchana, mwanangu, peke yako. Kaseti yako imefufuka. Mwenzako hajui."

Ndiyo. Chekeni tu. Huo ndio ugonjwa wangu, na mtauona wote.

Jumamosi saa tisa kasoro dakika mbili, milango miwili ya gari ikapigwa kwa pamoja pale nje.

Walikutana kizingitini. Kijivu bega limefungwa, Cheusi mdomo umevimba kama ameficha andazi.

"Unafanya nini kwa mama yangu?"

"Wako peke yako?"

Basi, kikawaka.

Nondo ilitoka kwenye mguu wa suruali ya Kijivu. Pigo la kwanza lilikwenda kwenye kabati langu la vyombo. Glasi zote, sahani zote za wageni, chwaa! Pigo la pili Cheusi aliinama, likabomoa taa. Cheusi akatoa bisibisi ile iliyonolewa, akaruka, akaipitisha kwenye kiganja cha kaka yake kama anachoma nyama. Akaichomoa. Damu ikaruka mpaka kwenye pazia.

Wakaanguka juu ya vioo. Wakagaragara. Mgongo wa Kijivu ukachanika, shati na ngozi. Cheusi akapigwa kichwa, pua ikapinda upande ule ule wa kidole chake. Picha ya marehemu Fundi ikadondoka ukutani, ikatua kifudifudi, nadhani hakutaka kuona.

"Nitakuzika!"

"Tangulia!"

Nikaingia katikati.

Msiniulize kwa nini, mwanamke wa miaka sabini na nne. Walikuwa wameishika nondo wote wawili, huyu anavuta, huyu anasukuma, ikashuka kwenye mkono wangu. Niliusikia, kra! Kama kijiti kikavu cha kuwashia moto.

Wao hawakusikia.

Nilikaa chini nimeupakata mkono wangu. Nikamwona Cheusi yuko juu ya kaka yake, goti liko kifuani, ncha ya bisibisi iko juu ya jicho. Juu ya jicho kabisa. Tone la damu lilitoka kwenye ncha likaingia ndani ya jicho, na Kijivu hakupepesa.

"Chukua basi," Kijivu akasema taratibu. "Maliza."

Mkono ukapanda.

"Sindano!" nikapiga ukelele. "Bonyeza!"

Kwenye televisheni, kuku wawili wakatembea hatua mbili. Kushoto kuku aliyepauka, kulia kuku mwekundu kama moto. Kila mmoja akamwingiza kifaranga wa mwisho kwenye kiota.

Pointi elfu moja. Elfu moja.

Na wimbo ukaanza.

Upande wa kijivu ulikuwa mtamu, upande wa nyeusi kama mbu ndani ya kopo, lakini wimbo ulikuwa mmoja.

Bisibisi ikasimama hewani.

Sijawahi kuona woga kama ule. Si woga wa kufa. Wanangu wote wawili waligeuza shingo kwenye televisheni na nyuso zikawa za watoto waliokamatwa na mkono kwenye sufuria.

"Zima!" akasema Kijivu kutoka chini.

"Zima hiyo, mwanangu, zima!" akasema Cheusi kutoka juu.

Sindano hakuzima. Maandishi yakatoka. Kushoto na kulia, herufi kwa herufi.

UMEFIKA. WEWE NDIYE NINAYEKUPENDA KULIKO MWENZAKO. USIMWAMBIE, ATALIA. SASA KALALE.

Walisoma kushoto. Wakasoma kulia. Wakarudia kushoto.

Wimbo ukaisha. Nyumba nzima ikabaki na sauti ya glasi moja iliyokuwa bado inabingirika.

"Wewe ulifika lini?" Kijivu akauliza.

"Nikiwa na miaka kumi na miwili." Cheusi alikuwa anahema. "Na wewe?"

"Kumi na nne. Mwaka ule ule."

"Ndiyo maana ulinibana vidole?"

"Ulikuwa unafungua sanduku. Ungeona." Kijivu akameza damu. "Ungejua baba ananipenda mimi zaidi. Imeandikwa hapo, ungelia. Nikaona heri ulie kwa kidole."

Cheusi akaiangalia bisibisi mkononi mwake kama imeota humo.

"Mimi sikio... mimi nilidhani ukiona utajinyonga. Wewe ndiye ulikuwa unampenda baba sana."

Miaka arobaini, wasomaji wangu. Miaka arobaini wamechinjana, kila mmoja akimficha mwenzake asiumie.

Cheusi akashuka kifuani kwa kaka yake. Wakakaa kwenye vioo, bega kwa bega. Nilitaka kumshukuru Mungu, ila nilichelewa.

Maana Kijivu aliiona picha ya baba yake sakafuni. Akaigeuza.

"Huyu mzee," akasema. "Huyu mzee alitufanya hivi."

"Alituchezea."

"Alikaa pale anatuangalia tunavyoshonwa, anakohoa."

Kijivu akasimama. Akanyanyua kiatu chenye kisigino cha chuma juu ya uso wa mume wangu, na Cheusi akaokota nondo amsaidie.

Hapo ndugu zangu, ningeweza kunyamaza. Marehemu hasemi. Aibu ingekwenda kaburini na mimi ningeletewa uji kitandani.

"Shusheni mguu," nikasema. "Si yeye. Ni mimi."

Hawakunielewa.

"Baba yenu alijua kutia umeme. Taa ikishawaka, alikuwa hajui hata pa kubonyeza. Nyie mlikuwa shule, yeye karakana, mimi nyumbani na mashine mbili na vitabu vyake vya maelekezo. Maneno yenyewe ya kigeni hayakuzidi ishirini. Nikayakariri kama majina ya mashemeji. Kuku na Mwewe niliuandika mimi, kwanza kwenye daftari, halafu kwa ya kijivu, halafu kwa nyeusi. Baba yenu aliniomba mumwone yeye ndiye shujaa. Nikamwachia."

"Mama," Kijivu akasema, kwa upole ule wa kumwambia mtu aliyegongwa kichwa, "wewe uliishia la saba."

"La saba, na hesabu nilikuwa napata zote mpaka mwalimu akasema naiba. Sindano! Mstari wa mia tatu arobaini unasema nini?"

Sindano akafungua.

"Usisome," nikamwambia, "nisome mimi. Mwewe akifika ukingoni, mgeuze. Kifaranga akiwa mmoja tu, rudi mstari wa kumi, anza upya."

Sindano akawageukia. "Ndivyo ulivyo."

Cheusi akaiweka nondo chini taratibu sana.

"Na yale maneno?"

"Na yale maneno. Na wimbo. Ule wimbo niliwaimbia mkiwa mgongoni, wote wawili."

Walinitazama. Wanaume wawili wazee, damu kwenye ndevu, mmoja hana meno, mmoja hana sikio. Nikajua swali linalokuja. Nililiona linavyopanda kooni kwao wote.

"Mama," mkubwa akasema. "Sasa ni yupi?"

"Yupi nini?"

"Uliyempenda zaidi."

Mdogo akasogea karibu.

Nilitafuta jibu zuri. La hekima, la bibi. Likatoka la kweli.

"Jamani," nikasema, "siku ile mlikuwa mmepigana kutwa. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mlale."

Nikaendelea kabla hawajauliza tena.

"Nikasema kila mmoja akijua anapendwa zaidi, atatulia, atalala. Nilidhani pointi elfu mtazifikisha kesho yake. Mlichukua miaka miwili, nami nikawa nimeshasahau. Nilipowauliza mkasema hamjafika, nikawaamini."

Cheusi alianza yeye. Kwanza nilidhani analia. Kumbe anacheka, ila kwa kukosa meno kicheko kinatoka kama filimbi. Kijivu akamwangalia, akatikisika, akashika bega lake lenye nyuzi.

"Sikio langu," akasema huku anacheka na machozi yanamtoka. "Sikio langu lote, kwa sababu mama alikuwa na usingizi."

"Meno yangu!"

"Pole."

"Pole na wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo kwao. Nikasema, ikiwa mmemaliza, mkono wangu umevunjika.

Mngewaona! Walininyanyua kama yai. Kijivu kwa mkono mmoja, Cheusi huku pua inamtiririka damu, wananigombania nani akae na mimi nyuma ya gari. Fundi cherehani akatufuata na shuka lake. Safari hii lilikuwa langu.

Daktari akatupanga benchi moja, watatu.

"Mama, wewe umepigwa na nini?"

"Na kuku," nikamjibu.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita.

Mstari wa karakana wameufuta, isipokuwa ukutani, rangi imegoma. Taa inawaka sasa. Jumapili wanakuja kwangu, Sindano anachomeka kompyuta yake ya kukunja, wanacheza kushoto na kulia. Bado wanatukanana. "Rangi yako imepauka!" "Wako analia kama mbu!" Juzi Kijivu alinyanyua mkono kumpiga mwenzake, akaniona na plasta, akajikuna kichwa.

Mizoga ya kompyuta zile tumeizika kwenye kabati, sanduku moja, bila kufuli. Na vile vitufe nilivyookota bado viko kwenye bakuli. Meno Cheusi aliyachukua, sijui ya nini.

Sindano aliniuliza, "Bibi, yale maneno ya mwisho niyafute?"

"Usiyafute. Yabadilishe."

Sasa ukifikisha pointi elfu, pande zote mbili, panaandikwa: NAWAPENDA WOTE. SASA LALENI.

Funzo langu ni dogo, na limenigharimu mkono. Ukiwa na watoto zaidi ya mmoja, neno la upendo usimnong'oneze mmoja pembeni. Liseme mezani, wote wapo, hata wakinuna. Siri tamu uliyompa mtoto atailinda kwa meno yake, na kwa meno ya mwenzake.

Sindano ndiye aliyenisaidia kuweka simulizi hii mtandaoni. Nimemwambia kweli kabisa kuwa yeye ndiye mjukuu ninayempenda kuliko wengine wote.

Binamu zake mkisoma hapa, msinune. Na nyie si nimewaambia hivyo hivyo?